Kwenye hela fundi ananipigia mimi, kwenye maamuzi anampigia mume wangu aliye Geita. Nimechoka!

Wakuu salaam. Leo mniache niseme, maana nikinyamaza nitapasuka.

Tunajenga Goba, vyumba vitatu, sebule, dainingi, jiko na stoo. Mume wangu kazi yake iko Geita, huku anakuja likizo tu. Niliyeko Dar ni mimi. Ndiye ninayekwenda saiti, ndiye ninayenunua saruji na nondo, ndiye ninayelumbana na wauza kokoto wanaoleta lori nusu na risiti ya lori zima. Hela inayojenga ni yetu wote wawili, mshahara wake na duka langu.

Sasa huyu fundi wetu ana tabia moja. Saruji ikiisha, namba yangu anaijua. Mchanga umekata, "mama, shikamoo, habari za tangu jana". Vijana hawajanywa chai, mama. Lakini likija swali la dirisha likae wapi, swichi ikae wapi, mlango ufungukie upande gani, hapo nageuka mpita njia. Anatoka nje, anasimama kivulini, anampigia "bosi". Bosi yuko mgodini, mitambo inanguruma, anarushiwa picha moja ya WhatsApp iliyopigwa kiupandeupande, anajibu "sawa fundi, endelea". Imekwisha hiyo. Na mimi nimesimama palepale na mkoba wenye hela yao ya wiki!

Kilichonifanya niandike leo ni kaunta ya jikoni.

Jumamosi nimefika nikakuta imeshamwagwa zege, mbao bado ziko chini yake. Nikaisogelea. Ikanifika kifuani. Mimi si mfupi wa kutisha, ni mwanamke wa kimo cha kawaida, na nilikuwa nimevaa ndala kama nitakavyokuwa nimevaa siku zote nikiwa jikoni kwangu. Nikaweka mkono juu nikajifanya nakata kitunguu, kiwiko kikapanda usawa wa bega. Nikaomba tepu. Futi tatu na inchi nane, na hapo tailizi bado. Kaunta za watu ni futi tatu, wengine wanapunguza kidogo. Namuuliza fundi kipimo hiki umekitoa wapi, yeye kaegemea kaunta yangu kwa kiwiko, mrefu, katulia, inamtosha vizuri kabisa. "Mama, hii ndiyo ya kisasa, mtu hainami." Hainami nani? Wewe ndiye utakayekuja kupika hapa? Nikaambiwa nitazoea. Nikikazana, ninunue kistuli.

Nikawaka. Akachukua simu, akaweka spika: "Bosi, mama huku analalamika." Hapo hakukosea, kweli nilikuwa nalalamika. Kilichonikata maini ni jibu lililotoka Geita: "Sasa fundi, wewe kitaalamu unaonaje?"

Kitaalamu! Mwanaume ambaye akiingia jikoni anatafuta chumvi, na anaikosa, anamuuliza mwanaume mwenzake ambaye naye kwake anapakuliwa, eti kitaalamu kaunta ya mke wangu iwe na kimo gani. Wakajadiliana pale wawili. Wakaafikiana kwamba kuivunja ni hasara. Na nikitaka ivunjwe, fundi kasema nimlipe ufundi upya na saruji ninunue mimi. Yaani akosee yeye, nilipe mimi, mara mbili.

Chini ya hiyo kaunta ameniwekea kikabati cha mtungi wa gesi. Kimejengwa kwa tofali pande zote, kitapigwa mlango wa mbao, "mtungi usionekane, mama, wageni wakija". Hakuna hata tundu moja la hewa. Jamani, hii gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inashuka na kutambaa sakafuni, na ikikuta shimo lililofungwa inatulia humo ikisubiri cheche. Mtungi wa kilo 15 unakaa nje, ukutani kunatobolewa tundu, mpira unaingia ndani, basi. Na kama ni lazima ukae ndani, kabati liwe na matundu chini kabisa usawa wa sakafu. Hili nalo linahitaji kumpigia mtu Geita?

Ramani yenyewe ina kisa chake. Haikuchorwa kwa ajili ya kiwanja chetu. Ilitoka kwenye grupu, nyumba ya kwenye picha, nyasi za kijani, gari jeupe mbele. Kijana mmoja akabadilisha vipimo viwili vitatu akatuuzia. Walipofika kiwanjani wakaigeuza tu itazame barabara. Hakuna aliyeuliza jua linatoka wapi. Hapa Dar tuko nyuzi kama 7 kusini mwa ikweta, jua linapita karibu na utosi, kwa hiyo kuta zinazochomwa ni za mashariki na magharibi, na mbaya zaidi ni magharibi, kuanzia saa tisa alasiri mpaka linazama. Tofali la saruji linalinyonya lile joto na kulitema ndani usiku wakati watu wamelala. Nani yuko magharibi? Watoto, na dirisha pana la aluminiamu. Nani yuko kusini mashariki, upande unaopata kusi miezi ile ya baridi na upepo mzuri? Stoo. Ndoo za deki na dumu la mafuta ya kula vitapepewa vizuri, watoto wataoka.

Nililisema hili msingi ukiwa bado mistari ya chokaa ardhini. Nikasema jamani, geuzeni, stoo na choo viende magharibi, vyumba vya kulala vije huku. Fundi akasema ramani imeshapitishwa. Imepitishwa na nani? Na bosi, kwa simu.

Paa nalo. Mimi nilitaka bati la kawaida, lenye mteremko wa kueleweka, litoke nje ya ukuta futi mbili na nusu pande zote. Mvua za huku zinapiga ubavuni, bati likitoka nje ukuta haulowi, dirisha unaliacha wazi hata kukinyesha, na lile jua ninalolisema linapata kizuizi kidogo. Wakakubaliana paa la kuficha, kwa kuwa ndilo lililoko kwenye picha na "ndizo zinazotoka siku hizi". Bati limelala, kuta zimepandishwa kulizunguka, maji yote yanakimbilia mfereji uliojificha kwa ndani. Mfereji ukizibwa na majani, maji hayana pa kwenda ila kurudi kwako sebuleni, na jirani yangu ana mwembe mkubwa ajabu. Eti linaokoa mbao. Kweli, linaokoa mbao, halafu hela ileile inaishia kwenye tofali za ule ukuta wa juu, ripu yake, rangi yake na mabomba ya kushushia maji.

Sisemi paa la kuficha ni baya kwa kila mtu. Anayelijua analiwekea mteremko wake, anaziba vizuri pale bati linapokutana na ukuta, na anatoboa matundu ya akiba ukutani ili mfereji ukijaa maji yatokee nje yaonekane. La kwetu halina hata tundu moja. Vuli hii kona ya sebule imelowa mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha, masika yenyewe bado. Na fundi anaulizia hela ya blandaringi, zile mbao za kushikia dari, ili apige dari ya jipsamu mwezi ujao! Jipsamu ikilowa inaota madoa ya kahawia, inavimba, inakuangukia na taa zake.

Haya, choo. Hapa mniwie radhi wasio wa dini yangu, lakini mtaelewa. Sisi ni Waislamu, chooni hatuelekei Kibla. Kwa mtu wa Dar, Kibla kiko kaskazini, karibu kabisa na kaskazini kamili. Nimekuta bomba la choo cha masta limeshalazwa, na sinki la kuchuchumaa limepangwa mtu akikaa anaelekea kaskazini moja kwa moja. Nikamwambia fundi bomba aligeuze robo tu, ukuta wa pembeni una nafasi, sakafu haijamwagwa. Fundi bomba, kijana mwelewa, akasema hiyo ni kazi ya nusu saa. Fundi mkuu akasema ngoja nimpigie bosi. Bosi wangu huyo, anayeswali swala tano, simu haikupatikana. Walipompata jioni, nilipomtajia mwenyewe Kibla, akashtuka: "Kwani hamkuangalia?" Hamkuangalia nani? Mimi si nimesema tangu asubuhi! Likageuzwa. Sauti iliyogeuza sinki ni ya kutoka Geita, maneno yalikuwa yangu.

Na mlango wa choo cha wageni unafungukia kwenye meza ya kulia. Mgeni anatoka huko anafunga mkanda, wewe una tonge mkononi. Hilo sitalieleza zaidi.

Kitu kimoja tu nimekipata kwa mkono wangu, mlango wa nyuma wa jikoni. Ramani haikuwa nao. Jiko limefungwa, unatoka kwa kupita sebuleni. Mwanamke wa Kiswahili, unapika maharage kwa mkaa, unakaanga samaki, unapara, unachinja kuku, una hitima au harusi unataka masufuria makubwa uani, halafu upite sebuleni na ndoo ya maji ya samaki mbele ya wageni? Siku hiyo nilikwenda mapema, fundi mkuu hajafika, tofali zilikuwa kozi ya nne. Nikawaambia vijana, hapa, futi tatu, toa. Nikawapa ya soda. Wakatoa. Alipofika akakuta uwazi, akapiga simu yake, bosi akasema "mwache tu huyo". Mwache tu huyo ndiye huyu mwenye mlango leo.

Nilipomweleza shemeji, kaka yake mume wangu, nikitegemea atasaidia kuongea, akanijibu kwamba nyumba ni ya mwanaume na mwanamke anachagua mapazia. Shemeji yangu ni msomi, kwa hiyo nikamkumbusha kwamba Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba hata kazi za nyumbani peke yake ni mchango katika mali ya ndoa, ukiachilia mbali mwenye duka kama mimi. Ingawa mama wa watu mwenyewe hakuambulia kitu. Ndiyo nikaona vizuri: mchango wetu unahesabika mkiachana. Mkiwa mnajenga, hauhesabiki.

NYONGEZA: Naona mmeanza.

Kwa anayesema nimfukuze fundi. Ameshachukua malipo ya ripu ya ndani na hajamaliza, na makubaliano waliandikishana yeye na mume wangu. Nikimfukuza leo, kesho ataniuliza wewe ni nani.

Kwa anayesema mume wangu ndiye mwenye tatizo, tulia. Nimeongea naye jana usiku, kwa sauti ambayo majirani wameisikia. Yeye anaamini kabisa kwamba alikuwa ananipunguzia mzigo. Nimemwambia mzigo ninao, nipe na neno. Amesema atampigia fundi amwambie anisikilize. Mnaona? Hata hilo nalo linapitia simu yake!

Kwa anayesema ningemtumia msanifu aliyesajiliwa na siyo kijana wa grupu: ndicho nilichokisema mwanzoni, na nilikuwa nimeshapata bei. Ikaonekana ni gharama kwa "karatasi tu". Sasa pigeni hesabu ya kaunta, paa na feni tatu za chumba cha watoto mniambie karatasi ni ipi.

Na wewe uliyeandika "wanawake wa siku hizi", endelea hivyohivyo, na Mungu akujaalie kaunta ya futi nne.

Ninachotaka ni hiki. Kuna mtu ameshawahi kushusha kaunta ya zege iliyokwisha kukauka, kwa kukata tofali za miguu chini bila kuvunja lile zege la juu? Inawezekana, au inapasuka? Ufundi wake ni bei gani huko kwenu? Na hilo paa, matundu ya kutokea maji yanaweza kutobolewa sasa hivi kabla ya masika bila kugusa bati, au ndiyo mpaka lifumuliwe? Mwenye fundi wa mapaa ya kuficha aliyemfanyia kazi na mvua mbili zimeshapita juu yake, aje PM. Awe tayari kuongea na mimi. Atakayeomba namba ya bosi asije.