Mjadala: Kima cha chini cha mwanga kinatosha, au taa za nje ziwekewe na ukomo wa juu?

Mleta mada:
Msimamo wangu nautoa mapema. Kanuni inayodai mwanga usipungue kiasi fulani, ikanyamaza kuhusu kuzidi, ni nusu ya kanuni. Matokeo yake tunayaona: taa zinazotia kiwi, na pembeni yake giza totoro.

Kiwango cha Ulaya, EN 13201, kinapanga njia za waenda kwa miguu kwa madaraja. Daraja la P1 linataka wastani wa luksi 15 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), na pale penye giza zaidi pasipungue luksi 3. Daraja la P6 linataka wastani wa luksi 2 tu, na pasipungue 0.4. Hata hiyo 0.4 inaizidi mbalamwezi pevu, ambayo ni kama robo ya luksi. Kisha kuna sharti ambalo wengi hulisahau: wastani halisi usizidi mara moja na nusu ya ule wa daraja lake. Yaani ukomo wa juu umo humo humo!

Haukuwekwa kwa ajili ya kubana umeme peke yake. Jicho halioni wastani. Ukitoka chini ya taa kali ukaingia kivulini, unakuwa kama kipofu kwa muda. Kulizoea giza kikamilifu huchukua dakika 20 hadi 30. Nguzo mbili zenye taa kali, zikiachana mno, zinaweza kutimiza wastani kwenye karatasi huku katikati yake mtu amejibanza humwoni. Mimi nachagua taa hafifu zilizokaribiana.

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada, nakuheshimu, ila mimi hutoka kazini saa sita usiku na kuvuka maegesho kwa miguu. Mwanga umezidi kwa nani? Mwaka 2016 New York iliweka minara ya taa kwenye makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ukashuka kwa takriban asilimia 36. Wewe ukisema "ukomo", mwenye bajeti anasikia "zima".

Mchangiaji wa pili:
Naongeza rangi ya mwanga. Ufaransa, kwa agizo la Desemba 2018, iliweka ukomo wa Kelvini 3000 kwa taa nyingi mpya za nje (Kelvini hupima rangi ya mwanga: namba ikipanda, ubuluu unazidi). Mwanga mweupe wenye ubuluu mwingi hutawanyika zaidi ndani ya jicho, na sisi wenye umri mkubwa ndio tunaoumia tukiwa kwenye usukani.

Mleta mada:
Mchangiaji wa kwanza, hofu yako ya bajeti ni ya kweli na sikuipa uzito. Upo utafiti wa mwaka 2015 uliohusu mamlaka 62 za England na Wales: haukupata ushahidi kwamba kupunguza au kuzima taa kuliongeza ajali au uhalifu. Lakini siutumii kukujibu wewe. Ule ulitazama barabara kwa ujumla. Wa New York ulitazama nyua za majengo ambako watu wanaishi na kupitana. Maswali mawili tofauti.

Kwenye maegesho nabadili hoja yangu kidogo. Luksi za sakafuni hazitoshi. Mpita njia anahitaji kuuona uso wa anayemjia, kwa hiyo kanuni idai pia mwanga unaoangukia wima, upimwe kama mita moja na nusu kutoka chini, na upimwe kutoka pande zote. Hapo niko tayari luksi ziongezwe. Nikuulize: taa za kwenye maegesho unayovuka zimekaaje?

Mchangiaji wa kwanza:
Zote ziko juu ya ukuta wa jengo, upande mmoja. Nikiwa naelekea getini naona vizuri. Nikilazimika kurudi, zinanipiga machoni. Aliye mbele yangu namwona umbo tu, sura hapana.

Mleta mada:
Basi hicho ndicho kiwi ninachokipigania. Hizo zielekezwe chini, na nguzo ziongezwe upande wa pili.

Mchangiaji wa kwanza:
Nakubali, kwa sharti moja: nguzo za upande wa pili zisimamishwe kwanza na ziwake. Zile za ukutani zisiguswe hata usiku mmoja kabla ya hapo.