Saluni na vyumba vya kupangisha kwenye TIN moja: ritani za URA zinajazwaje?

SaluniJinja
Habari zenu wanajukwaa. Naombeni ufafanuzi kuhusu ritani (fomu za kutangaza mapato) za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kwa TIN (namba ya mlipa kodi) moja ya mtu binafsi yenye mapato ya aina mbili. Kuna saluni Jinja, mauzo ya mwaka shilingi 42,000,000, na daftari la kila siku lipo. Kuna pia vyumba vinne vya kupangisha, 250,000 kila kimoja kwa mwezi. Kimoja kilikaa bila mpangaji miezi mitatu. Je, saluni na vyumba vinajumlishwa? Rangi, fundi bomba na mlinzi vinatolewa kabla ya kukokotoa kodi? Na mwaka tunaohesabu ni upi?

Mhasibu_Bugembe
Dada, anza na mwaka, maana hapo ndipo wengi hukosea. Mwaka wa mapato Uganda ni Julai 1 hadi Juni 30. Mtu akijumlisha Januari hadi Desemba, hesabu yake haitaoana na miamala ya simu wala ya benki siku akikaguliwa. Ritani ya mwisho unawasilisha kabla Desemba 31 haijapita, yaani miezi sita baada ya mwaka kufungwa.

Saluni na vyumba havichanganywi, kila kimoja kina hesabu yake.

Vyumba: mtu binafsi analipa asilimia 12 ya pango lote linalozidi 2,820,000 kwa mwaka. Tangu mabadiliko ya Julai 2022 hakuna gharama inayotolewa, kwa hiyo rangi, fundi na mlinzi visahau. Chumba kisichokuwa na mtu hakikuingiza pango, hicho hukihesabu. Vitatu kwa miezi 12 ni 9,000,000, cha nne kwa miezi 9 ni 2,250,000, jumla 11,250,000. Toa 2,820,000, zinabaki 8,430,000. Asilimia 12 yake ni 1,011,600.

Saluni: mauzo yakiwa chini ya 150,000,000 kwa mwaka unaingia kwenye kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo. Kwa mwenye kumbukumbu, mauzo kati ya milioni 30 na 50 yanalipiwa 80,000 pamoja na asilimia 0.5 ya kinachozidi milioni 30. Kwako ni 80,000 + 60,000 = 140,000. Asiye na kumbukumbu, kwa mauzo hayo hayo, anatozwa 200,000 moja kwa moja. Daftari lako peke yake limekuokolea 60,000. Litunze miaka mitano, hata ukishalipa.

Leseni ya biashara unayolipa halmashauri ya jiji haihusiani na hili wala haipunguzi kodi ya URA. Kila mwaka watu wanaichukulia kama ushahidi kwamba wameshalipa kodi.

PRN_Kwanza
Naongezea upande wa tovuti ya URA, kwa sababu hesabu inaweza kuwa sahihi na mtu bado akadaiwa.

Kabla ya kujaza chochote, ingia kwenye akaunti yako uangalie aina za kodi zilizosajiliwa chini ya TIN. Kama mapato ya pango hayamo, omba marekebisho ya usajili kwanza. Jaza nambari ya simu na barua pepe unazotumia sasa, kwa sababu taarifa zote zinapelekwa huko. Mwenye TIN aliyefunguliwa na mtu wa kibanda cha intaneti mara nyingi amewekewa barua pepe ya yule wa kibanda, na barua za madai hazimfikii.

Halafu fuata mpangilio: ritani, kisha tathmini (kiasi cha kodi unachodaiwa), kisha PRN (namba ya kulipia kodi), kisha malipo. Ukitengeneza PRN kwa aina ya kodi isiyo yake, benki au simu itapokea pesa bila shida yoyote, lakini deni la pango litabaki wazi huku pesa ikikaa upande mwingine. Kwa hiyo soma jina la kodi na kiasi kwenye karatasi ya PRN kabla ya kulipa. Baada ya siku chache rudi kwenye leja yako uone kama deni limefutika. Ujumbe wa simu kwamba umelipa hautoshi.

Pango lina ritani ya awali pia: unakadiria mwaka mzima na kulipa kwa awamu nne, mwisho wa Septemba, Desemba, Machi na Juni. Kwa 1,011,600 kila awamu ni 252,900. Ulichokwisha kulipa kinatolewa kwenye ritani ya mwisho.

SaluniJinja
Asante sana. Wapangaji wote hulipa kwa simu, kwenye laini ile ile inayopokea pesa za saluni na za familia. Kuna ubaya? Na nikichelewa ritani?

Mhasibu_Bugembe
Ubaya upo. Mkaguzi akiona jumla ya pesa zilizoingia kwenye laini, ni wewe wa kuonyesha ipi ni pango, ipi ni saluni na ipi ni mchango wa harusi. Weka laini au nambari ya malipo ya biashara kwa saluni, na pango lipite kwingine. Kila mpangaji mwandikie risiti yenye jina, chumba na mwezi anaolipia. Mpangaji akihama, andika tarehe siku hiyo hiyo. Bila hiyo huna cha kuonyesha kwa ile miezi mitatu.

Kuchelewa: adhabu ni asilimia 2 ya kodi au 200,000 kwa kila mwezi, inachukuliwa iliyo kubwa. Asilimia 2 ya 1,011,600 ni kama 20,000 tu, kwa hiyo utapigwa 200,000. Miezi sita ni 1,200,000, zaidi ya kodi yenyewe. Deni lisilolipwa nalo linakua kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Kama pesa haipo, wasilisha ritani kwa wakati hata hivyo, kisha uombe kulipa kidogo kidogo.

PRN_Kwanza
Na usipowasilisha kabisa, URA wanaweza kukukadiria wao. Ukipata tathmini usiyokubaliana nayo, una siku 45 tangu kuipokea kuweka pingamizi, nalo linawekwa kwenye akaunti hiyo hiyo ya mtandaoni pamoja na ushahidi: mikataba, risiti, taarifa za simu. Kwenda ofisini kulalamika kwa mdomo hakusimamishi hizo siku 45.

Saluni ikifungwa, omba kuondolewa kwenye aina hiyo ya kodi. Usajili ukibaki hai, ritani inaendelea kudaiwa hata kama mauzo ni sifuri.