Maoni mabaya yazikwe au yaachwe? Mjadala wa wanaojichapishia vitabu

Mwandishi, Umoja

Nimeandika riwaya, nikagharamia kila kitu mwenyewe, nikachapa nakala 300 kwa mchapaji mmoja wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Juma lililopita msomaji nisiyemjua aliandika hadharani kwamba kitabu kinachosha, na kwamba mama mkwe anayeitwa Rehema mpaka ukurasa wa 111 anageuka Rukia ukurasa wa 112 bila maelezo. Akanipa nyota mbili. Nilikifungua kitabu papo hapo jikoni, ugali ukiwa motoni. Ni kweli. Nilimbadilisha jina katika mswada wa pili, nikasahau nusu nzima ya kitabu.

Usiku huo sikulala. Asubuhi nikapeleka kilio changu kwenye kundi letu la WhatsApp, waandishi kama 40 hivi, na kabla ya saa nne dawa ilikuwa imepatikana: kila mmoja aweke nyota tano na sentensi mbili za sifa, yale maoni yazame. "Leo wewe, kesho mimi," wakaniambia. Nimekataa, na wengine wameninunia. Ndiyo maana nauliza hapa: ni halali kuzika maoni ya msomaji kwa sifa za marafiki?

Mimi naona ni wizi. Huyo msomaji ndiye mhariri niliyeshindwa kumlipa, na badala yake yeye ndiye amenilipa. Amazon, ambako baadhi yetu tunauza vitabu pepe, hairuhusu jamaa na marafiki wa karibu wa mwandishi kuhakiki kitabu chake, wala maoni ya kununuliwa. John Locke wa Marekani alikuwa mwandishi wa kwanza wa kujichapishia kuuza nakala milioni moja kwenye Kindle, duka la vitabu pepe la Amazon, mwaka 2011. Mwaka uliofuata ikaandikwa gazetini kwamba alikuwa amenunua maoni 300. Mimi nikisikia jina lake, hayo maoni 300 ndiyo yanayonijia kwanza.

Mwandishi mwenzake, Kahawa West

Pole dada, lakini umetuhukumu haraka. Mchapishaji mkubwa ana mhariri, ana mawakala wa kuuza, ana vitabu vya shule vinavyomlisha. Riwaya moja ikipondwa, hatikisiki. Wewe una maboksi chini ya kitanda na deni la chama cha akiba.

Halafu si kila anayeponda kitabu amekisoma. Kwenye Goodreads, mtandao wa wasomaji kuhakiki vitabu, mtu anatoa nyota bila kuthibitisha kwamba alinunua, na wakati mwingine hata kabla kitabu hakijatoka. Mwaka 2023 Cait Corrain wa Marekani, akiwa anakaribia kutoa riwaya yake ya kwanza, alikiri kwamba alifungua akaunti bandia na kuwashushia waandishi wenzake nyota moja moja. Mchapishaji wake akaachana naye. Sasa mtu wa namna hiyo akikuvamia, ukae kimya? Sisi hatuna wakili, hatuna ofisi ya matangazo. Tuna marafiki tu.

Muuza vitabu, katikati ya jiji

Wateja wangu wengi hawaulizi nyota. Mtu anasimama mbele ya rafu, anasoma aya mbili za mwanzo, anafungua katikati, anageuza nyuma kutazama bei. Anayekuja kwa sababu ya sifa alizoziona mtandaoni ndiye ninayemwogopa, kwa kuwa akivunjika moyo ananirudia mimi. Na hataji jina la mwandishi. Anasema "hawa wanaojichapishia". Mnatiwa kapu moja nyote, pamoja na yule aliyemlipa mhariri kwa kuuza ng'ombe.

Na kupondwa si kufa. David Maillu alianzisha Comb Books hapa Nairobi miaka ya 1970, akachapa vitabu vyake mwenyewe. Wasomi wakavishambulia kwamba ni uchafu, Tanzania ikavipiga marufuku, na watu wakaendelea kuvinunua.

Msomaji, South B

Niruhusuni niseme kwa upande wetu. Mwaka jana nilinunua kitabu kwa mwandishi mwenyewe, shilingi 1,200, nikalipa kwa M-Pesa. Nikaandika kwamba hadithi ni tamu, ila herufi ni ndogo mno na mwisho umeharakishwa. Saa tatu usiku simu ikaita. Namba yangu aliitoa kwenye ujumbe wa malipo. Hakunitukana. Aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Dada, nimekukosea nini?" Nikayafuta maoni yangu angali kwenye simu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa shughuli iliyofanya zichukuliwe. Namba niliyolipia kitabu si ya kunihojia. Lakini sheria siyo iliyoniuma. Nilikuwa nimekipenda kile kitabu, na tangu usiku ule sijaandika neno juu ya kitabu cha Mkenya, kizuri wala kibaya.

Mwandishi mwenzake, Kahawa West

La simu silitetei hata kidogo. Nauliza tu juu ya uongo.

Mwandishi, Umoja

Uongo uripotiwe kwa wenye mtandao, na ukitaka kujibu, jibu mara moja kwa jina lako, onyesha ukurasa, kisha uache. Hapo tuko pamoja, ndugu yangu. Lakini Rehema si uongo.

Neno "kinachosha" ndilo lililonikaa kifuani. Jana nimesoma sura ya tatu kwa sauti, ile ya safari ya matatu kutoka Donholm, nikajikuta naruka aya mbili zangu mwenyewe. Nikipata pesa za kuchapa tena, hizo aya zinaondoka.

Kwa nakala zilizobaki nimechapa vijikaratasi: "Kuanzia ukurasa wa 112, Rukia ni Rehema. Samahani, msomaji." Binti yangu anavibandika ndani ya jalada, na jana usiku tulifika nakala ya 60. Walionunua kwangu kwa M-Pesa namba zao ninazo, na nilikuwa nimeanza kuwaandikia. Baada ya kusoma maneno ya dada wa South B, nimeacha. Atakayeniletea nakala yake, nitambandikia mwenyewe.