Oili ya difu kwa Land Cruiser ya porini: 80W-90 au 85W-140? Na giaboksi je, hiyo hiyo?

Mwana_Ndutu:
Wakuu habari zenu. Nina Land Cruiser HZJ79, injini 1HZ, bodi ya watalii imerefushwa, gia za mkono. Kazi yake Karatu, Ngorongoro, Ndutu mpaka Serengeti, wageni 6 au 7 na mizigo yao juu, na msimu huu mvua haijatuonea huruma, nimevuka korongo zenye maji sijui mara ngapi. Sasa sevisi imefika na mafundi wawili wamenivuruga kichwa. Wa kwanza anasema difu zote mbili niweke 85W-140 kwa sababu gari inabeba uzito, halafu sili ya nyuma inavujisha oili kidogo kwa hiyo oili nzito itaiziba. Wa pili anasema achana na 140, chukua dumu moja la lita 20 la 80W-90 GL-5 umwage kote, difu, giaboksi na transfa (ile boksi ya kugawa nguvu mbele na nyuma), umalize kesi. Nimsikilize nani?

GrisiMpakaKwapani:
Mkuu kila mmoja ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo itakula hela yako.

Hapo kuna vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya kila siku. 80W-90 na 85W-140 ni uzito wa oili, yaani inavyotiririka, nyepesi au nzito. GL-4 na GL-5 sio uzito, ni kiasi cha dawa ya kuhimili mgandamizo, ile yenye salfa inayofanya oili ya difu inuke vile. Kwenye difu, krauni na pinioni (gia kubwa na ile ndogo inayoizungusha) hazisagani tu kama gia za kawaida, meno yanateleza yakiwa yamebanana kwa nguvu, oili ya kawaida inakamuliwa yote pale katikati na chuma kinabaki kinagusa chuma. Ndiyo maana difu inataka GL-5, hapo hakuna mjadala.

Giaboksi ni habari nyingine, ina ringi za sinkronaiza, nyingi ni za shaba nyeusi au njano, na ile ringi inafanya kazi kwa kukwaruzana kidogo na koni ili mzunguko ulingane ndipo gia iingie. Ukiweka oili inayoteleza kupita kiasi ringi haishiki, gia inakwangua. Na baadhi ya GL-5 ile salfa inaila shaba taratibu gari ikipata moto. Ziko GL-5 za siku hizi zisizo na tabia hiyo, na zipo giaboksi ambazo kitabu chake kinaruhusu zote mbili, ila kama huna kitabu mkononi weka GL-4 75W-90 ulale usingizi. Kwa hiyo dumu moja kwa gari zima, hapana.

Kijana_wa_Spea:
140 noma, mlima wa kreta unapandaje na 90 difu ikichemka 😂

GrisiMpakaKwapani:
Ngoja nikujibu kwa namba. Oili ya 90 ikiwa na joto la nyuzi 100 uzito wake unacheza kati ya 13.5 na 18.5 kwa kipimo cha cSt, ya 140 inaanzia 24. Maana yake ukibadilisha unakaribia kuzidisha mara mbili. Filamu, lile tabaka la oili kwenye meno, inakuwa nene ni kweli, lakini na difu inakoroga uji, joto linatoka kwenye kukoroga huko huko, na dizeli unailipia wewe. Kwa anayebeba kokoto kwenye joto la Kilombero kutwa nzima gia nzito, 140 ina maana. Kwa mwendo wa watalii, spidi 50 unasimama kuangalia simba nusu saa, 80W-90 nzuri inatosha sana. Ila kwa difu iliyochoka inayovuma, 140 inapunguza kelele, sikatai, kelele tu lakini, ugonjwa uko pale pale.

Na sili haizibwi na oili jamani. Sili inazibwa na sili.

Baridi_ya_Makete:
Vipi kuhusu baridi? Huku Kitulo mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi nyasi zina barafu. Nilikuwa na 85W-140 kwenye Hilux, kilomita mbili tatu za kwanza gari inavutwa kama imefungwa gogo nyuma.

GrisiMpakaKwapani:
Namba yenye W ndiyo inayosema habari za baridi. 85W imepimwa mpaka nyuzi 12 chini ya sifuri, 80W mpaka 26 chini, 75W mpaka 40 chini. Kwa Tanzania hakuna barabara ya gari inayofika huko labda uendeshe mpaka kileleni Kibo. Kwa hiyo 140 yako haikugoma, ilikuwa nzito tu mpaka ipate moto. Kwa huko juu 75W-90 ingekufaa zaidi.

Landi_ya_Nanyuki:
Mimi niko na Defender 110 ya 300Tdi huku Kenya na nataka niongeze kitu kwa wenye Landi, msikopi hii ya Toyota. Giaboksi ya R380 inakunywa oili ya aina ya ATF, nyepesi kama ya stelingi, sio 90. Makanika mmoja aliniwekea 90 akisema ile nyekundu ni ya gari za otomatiki, asubuhi gia ya pili ilikuwa haiingii kabisa mpaka nitembee kama dakika kumi hivi, nikadhani ringi zimeisha karibu nishushe giaboksi nzima. Kumwaga na kuweka ATF tu, ikapona. Transfa na difu ndiyo zinachukua 80W-90.

Mama_Prado:
Na wenye difu ya LSD nyuma je, ile inayozuia tairi moja isizunguke bure? Yangu ikikata kona kali polepole inagonga gonga kama mtu anapiga mlango.

GrisiMpakaKwapani:
Dada yangu hiyo inataka GL-5 iliyoandikwa LSD kwenye dumu, ina dawa ya kulainisha zile sahani zisishike na kuachia. Mwaga iliyopo kwanza. Kama una loki ya kubonyeza swichi hiyo haihitaji, GL-5 ya kawaida inatosha.

Mwana_Ndutu:
Wakuu nimerudi. Nimeingia chini ya gari na spana ya 24, nimefungua nati ya chini ya difu ya nyuma, imetoka rangi ya chai ya maziwa!! Sumaku ya nati ina ujiuji wa kijivu, vipande sijaona.

GrisiMpakaKwapani:
Aisee. Kwanza siku nyingine fungua nati ya juu ya kujazia kabla ya chini, ukimwaga halafu ya juu ikagoma gari imelala hapo. Ujiuji wa kijivu ni kawaida, ungekuta vipande vya kung'aa ndipo tungelia.

Sasa hapo 90 na 140 tuziweke pembeni, hiyo rangi ya chai ni maji yameingia kwenye oili. Difu ikiwa ya moto ukaingia korongo la maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na difu inavuta pumzi. Kile kifuniko kidogo cha kupumulia juu ya ekseli kikiwa kimeziba na tope la Ndutu, itavuta maji kupitia sili, na sili yako ulishasema inavuja. Badilisha sili, toa kile kifuniko, unganisha hosi inayostahimili oili uipandishe mpaka juu kwenye chumba cha injini.

Baridi_ya_Makete:
Na mbele aangalie magoti ya magurudumu. Ukiona supu nyeusi inachuruzika kwenye tairi kwa ndani ujue sili ya ndani ya ekseli imekufa, oili ya difu imeingia kwenye grisi.

Mwana_Ndutu:
Mbele pako pakavu. Sasa nisafishe na petroli kwanza?

GrisiMpakaKwapani:
Usithubutu. Nunua 80W-90 GL-5 ya bei ya kati, mradi isiwe feki, jaza mpaka ianze kudondoka kwenye tundu la juu, tembea siku mbili ipate moto vizuri, mwaga ingali ya moto. Ikitoka bado na weupe rudia. Ikitoka safi ndipo uweke ile utakayokaa nayo. Na ya mbele ifungue leo hiyo hiyo, ilivuka maji yale yale.