Medali za Bwana Mwavuli: naanzia wapi kumtafuta huyu askari?

Njoro_Mtulivu

Wadau habari zenu. Niko Njoro hapa Nakuru na kuna kitu kimeninyima usingizi tangu tuzike mjomba. Babu yangu, baba ya mamangu, kwao Vihiga, alikuwa dereva wa lori kwa shamba la mzungu upande wa Solai kuanzia kitu kama 1948 hadi huyo mzungu akauza shamba akaenda zake wakati wa uhuru. Wafanyakazi walikuwa wanamwita Bwana Mwavuli. Sisi watoto tukisikia hiyo hadithi tulidhani ni mtu wa kuogopa mvua, lakini nyanya anasema hapana, hakuna siku alionekana na mwavuli, hata mvua ya Aprili ilikuwa inamnyeshea kichwa wazi na anaona sawa tu.

Sasa tukifungua sanduku la mjomba tumepata mkebe wa biskuti, wa zamani ile ya kweli, ambao babu alikuwa amemwachia. Ndani kuna medali moja ya fedha ya mviringo iko na kichwa cha King George, nyuma imeandikwa FOR BRAVERY IN THE FIELD, na kwa ukingo wamechonga namba, SJT, jina lake (siliweki hapa, pengine ana watu wake mahali) halafu A.A.C. Ingine ni msalaba wa shaba na panga mbili zimepishana, utepe mwekundu wenye mistari ya kijani na kinyota cha fedha juu ya huo utepe. Halafu nyota mbili za shaba, moja The France and Germany Star, ya pili The Burma Star. Na picha moja imeanza kufifia, wanaume sita kwa Jeep yenye bunduki pacha mbele, watatu ni raia tu wamefunga vitambaa kwa mkono, nyuma mtu ameandika na penseli "Morvan 44".

Mimi nimegoogle A.A.C. nikapata Army Air Corps, so nikajua alikuwa rubani. Lakini rubani anafanya nini na Jeep na raia? Kuna mtu wa duka la vito hapa tao ameshaniambia anachukua mkebe mzima elfu kumi na tano na alikuwa na haraka sana, hiyo haraka ndio imenifanya nisite. Nisaidieni, mtu kama huyu unamtafuta aje?

Mzee_wa_Lanet

Usiuze. Ile medali ya fedha peke yake, ikiwa na jina kwa ukingo, huyo jamaa anajua vizuri anachofanya na haraka yake.

Niliwahi vaa hizo nguo kwa miaka 22 (zetu, si za mfalme) na haya mambo ya vita vya pili ndio ugonjwa wangu, kwa hivyo vumilia maneno mengi. Hiyo ya fedha ni Military Medal. Ilikuwa ya askari wasio maofisa, koplo, sajenti na wenzao, maofisa walikuwa wanapewa Military Cross. Hupewi kwa sababu ulikuwepo, unapewa kwa sababu umefanya kitu mbele ya adui na mkubwa wako akakaa chini akakiandika. Huo msalaba wenye panga ni Croix de Guerre ya Ufaransa, ile ya 1939-1945. Huo hauchongwi jina, lakini kinyota kinasema kitu: cha shaba ni sifa ya ngazi ya regimenti au brigedi, cha fedha ni ngazi ya divisheni. Mzungu wako hakupewa cha kufutia machozi.

Sasa hapo kwa A.A.C. ndio watu wengi wanaanguka. Army Air Corps ya wakati huo haikuwa ya marubani peke yake. Ndani yake kulikuwa na wale wa kuendesha glaida (ndege zisizo na injini), askari wa kuruka na parachuti, na kuanzia 1944 SAS pia iliwekwa huko. SAS ni kile kikosi cha makomando David Stirling alianzisha 1941 huko jangwa la Misri. Kwa hivyo herufi peke yake hazithibitishi kitu. Lakini ukiweka A.A.C., na Croix de Guerre, na Jeep ya bunduki pacha, na raia wenye vitambaa kwa mkono, na neno Morvan, mimi ningeweka pesa yangu kwa SAS.

Morvan ni milima yenye misitu katikati ya Ufaransa, upande wa Burgundy. Usiku wa kuamkia 6 Juni 1944, ile siku wenzao wanatua Normandy, watu wa kwanza wa A Squadron ya 1 SAS walirushwa huko, nyuma kabisa ya Wajerumani. Operesheni iliitwa Houndsworth, mkubwa wao alikuwa Meja Bill Fraser. Walikaa msituni hadi mwanzo wa Septemba pamoja na Maquis, yaani vijana wa Kifaransa waliokataa kupelekwa kufanya kazi Ujerumani wakaingia msitu. Hao ndio raia wako wa picha. Kazi ilikuwa kukata reli, za kwenda Dijon na Paris walizilipua mara 22, na kutuma habari London ndege zije zipige wapi. Hizo Jeep nazo zilishushwa na parachuti, gari mzima, kila moja na miavuli yake minne.

Nadhani sasa unaelewa Bwana Mwavuli lilitoka wapi.

dala_pap

Kisumu hapa. Aki hiyo ya mwavuli imenimaliza 😂😂 watu wa zamani walikuwa wanakupa jina na sababu wanakaa nayo.

Lakini niulize kitu, kwara (babu yangu) alikuwa King's African Rifles, KAR, lile jeshi la Waingereza la askari wa huku, na hadi anakufa alikuwa anatuambia alipigana na Wafaransa. SI PAMOJA NAO, na WAO. Sisi tulikuwa tunamwambia mzee umechanganyikiwa, Wafaransa walikuwa upande wa Waingereza. Ama kulikuwa na Wafaransa wawili?

Mzee_wa_Lanet

@dala_pap nendeni mkamwombe msamaha kaburini. Ufaransa iliposhindwa 1940 iligawanyika, kuna waliomfuata de Gaulle wakabaki upande wa Waingereza na kuna serikali ya Vichy iliyokuwa inasikizana na Hitler. Madagaska ilikuwa ya Vichy. 1942 Waingereza waliivamia na batalioni za KAR zilikuwa humo, zikatembea kisiwa kutoka juu hadi chini mpaka wale Wafaransa wakasalimu amri Novemba. Kwara alikuwa sawa kabisa.

nyar_maktaba

Mimi nafanya kazi na makaratasi ya zamani so wacha niseme tu njia, historia mzee amemaliza.

Anza na hiyo Military Medal kwa sababu ina jina na namba. Kila medali ya Uingereza ya ushujaa ilitangazwa kwa London Gazette, hilo ni gazeti la serikali na lote liko kwa intaneti bure. Weka jina la ukoo na namba ya jeshi, usiweke jina la kwanza, hapo ndio watu hukosea herufi. Ukipata tarehe ingia National Archives ya Uingereza, ile ya Kew, utafute rekodi zinaitwa WO 373. Hizo ndio barua za mapendekezo, mkubwa anaeleza huyu mtu alifanya nini, siku gani, mahali gani. Unalipa ada ndogo unapakua. Kuna zenye mistari mitatu na kuna zenye ukurasa mzima, hiyo ni bahati yako. Shajara za vita za vikosi maalum ziko WO 218 na hizo mara nyingi lazima mtu aende akazisome huko huko ama ulipie nakala.

Croix de Guerre usiitafute kwa London Gazette ukikosa ukasema ni feki. Waingereza wengi walipewa na Wafaransa moja kwa moja na hakuna aliyejisumbua kuichapisha London. Ya upande wa Ufaransa iko kwa kumbukumbu za jeshi lao huko Vincennes. Halafu Saint-Brisson, hapo hapo Morvan, kuna makumbusho ya Resistance, wale Wafaransa waliopinga Wajerumani. Waandikie barua pepe kwa Kifaransa hata kama ni cha kubabaisha, na utume hiyo picha, skani yake ikuwe nzito si ile ya WhatsApp. Watu wa vijiji wanajua sura za babu zao. Wewe unatafuta mzungu mmoja na wao pengine wanatafuta wale watatu wengine.

Ya huku kwetu: Kenya Gazette ya miaka hiyo iko Google Books, ina leseni, uhamisho wa mashamba, matangazo ya mali za marehemu. Pia kuna databezi inaitwa Europeans In East Africa, ina walowezi wengi sana, weka jina na Solai uone. Kumbukumbu ya Taifa nayo ina ofisi Nakuru, si lazima uende Nairobi.

Na usipolishe medali jameni. Nawajua.

Njoro_Mtulivu

Nilikuwa nimeshapolisha moja 🙈 ile nyota ya Burma.

Nimeingia London Gazette usiku, bando imeisha lakini YUKO. Jina, namba, Army Air Corps, Military Medal, 1945. Nimekaa kwa kiti nikaangalia simu tu. Mama amesema nyanya aliwahi sikia kwamba huyo mzungu alikuwa halali ndani ya nyumba miezi mingine, anaweka kitanda kwa veranda, na mbwa wakibweka usiku yeye ndiye wa kwanza kusimama.

Wo 373 nitalipia mwisho wa mwezi. Swali, ni kweli hawa wakishikwa walikuwa wanauawa?

Mzee_wa_Lanet

Kweli. Oktoba 1942 Hitler alitoa amri ya siri kwamba komando yeyote akishikwa auawe hata kama amevaa yunifomu, hata kama ameinua mikono. Karibu na Poitiers, Julai hiyo hiyo ya 1944, kambi ya B Squadron ya hao hao 1 SAS ilizingirwa kule Verrières na wale waliokamatwa wakapelekwa msituni wakapigwa risasi. Na raia ndio walilipa zaidi. Pale Morvan kijiji cha Dun-les-Places kilivamiwa mwisho wa Juni, wanaume wakapangwa mbele ya kanisa wakauawa, na Montsauche ikachomwa. Mtu aliyetoka huko akija kulima Solai akalala kwa veranda, mimi simshangai.

Lakini kuna kitu kwa mkebe wako kimekuwa kikinisumbua tangu jana na nilikuwa nangoja uongee. Hiyo Burma Star. Mtu wa 1 SAS aliyekuwa Ufaransa 1944, mwaka uliofuata walikuwa Ujerumani halafu Norway. Burma anaingilia wapi? Siwezi kusema haiwezekani kabisa, jeshi ni jeshi, lakini haikai vizuri. Hizo nyota nazo Waingereza hawakuzichonga majina, kwa hivyo yenyewe haiwezi kukuambia ni ya nani.

Sasa nikuulize. Babu yako alikuwa dereva wa lori 1948. Mtoto wa Vihiga, mwaka huo, alijifunzia lori wapi?

dala_pap

weeeeh

nyar_maktaba

Mzee 🙌. Nimerudi kusoma swali upya, amesema "mkebe ambao babu alimwachia mjomba". Hakuna mahali amesema vyote vilikuwa vya mzungu. Sisi wote tumejaza wenyewe.

Mzee_wa_Lanet

Ndio hapo. Divisheni ya 11 ya East Africa ilipigana Burma 1944, bonde la Kabaw, mvua na malaria, wakavuka mto Chindwin pale Kalewa mwezi wa Desemba. Nyuma ya kila mwenye bunduki kulikuwa na madereva wa East African Army Service Corps wakisukuma malori kwa matope. Vijana wengi sana wa magharibi walijifunza gari huko. Ulizia "Bama", usiseme Burma, wazee walisema Bama.

Njoro_Mtulivu

Sijaingia hapa siku nne kwa sababu nilienda kwa nyanya Vihiga na mkebe kwa begi.

Nimemwekea vyote kwa meza. Sikusema kitu. Akapita ile ya fedha, akapita msalaba, akachukua Burma Star akanusa vidole akauliza nani ameisugua na nini, nikasema ni mimi, dawa ya kusugua viatu. Akanitusi kidogo. Halafu akasema hiyo ni ya mzee wake, alirudi nayo kutoka Bama, na kwani nilidhani ni ya nani? Nikamwambia nilidhani ni ya mzungu. Akacheka lakini si ile ya kufurahi.

Anasema babu aliandikishwa Maseno, akaenda na meli kutoka Mombasa, na hakuwahi kuongea hiyo habari nyumbani. Yule mzungu ndiye alikuwa anaongea naye. Jioni walikuwa wanakaa nyuma ya lori, ubao wa nyuma umeshushwa, miguu inaning'inia, mzungu na sigara na babu na chai, na mara nyingine saa nzima hakuna anayesema kitu. Mkewe hakupenda hiyo maneno, ati dereva. Siku anaondoka hakuaga watu wengine, alimpa babu hizo zake ndani ya mkebe, na babu ndiye aliyeongeza yake humo ndani. Hiyo ndiyo imenimaliza. Kumbe yeye mwenyewe aliamua zikae pamoja.

Kwa hivyo hakuna kuuza, huyo wa duka nimeshamblock. Barua ya Saint-Brisson nimeiandika, nyar_maktaba nitakutumia uiangalie Kifaransa. Lakini sasa nina kazi ya pili. Karatasi za babu zote ziliungua na nyumba, nyanya hakumbuki namba yake ya jeshi, na jina aliloandikishwa nalo pengine si hili tunalolijua. Mzee, mtu kama huyu naye unamtafuta aje? Huku hakuna cha Gazette.

Mzee_wa_Lanet

Huku ni kugumu, sikudanganyi. Lakini uliza kama kuna kitu chochote alirudi nacho, mkebe wa kulia, chupa ya maji, mshipi, kijiko. Vitu vilikuwa vinaibwa sana kambini kwa hivyo askari walikuwa wanakwaruza namba yao na msumari. Angalia kwa mwanga wa pembeni.

Njoro_Mtulivu

Kijiko kiko. Nyanya anachotea chumvi nacho hadi leo, amekataa nisikichukue lakini mama amepiga picha na tochi. Ni namba, ina herufi mbili mbele na tarakimu, ya mwisho sijui ni 3 au 8. Naweka picha hapa saa hii, angalieni mniambie.