Kwanini ORS ina sukari wakati shida ni maji? (swali la utando wa seli)

Kijana wa Makorora:
Wakuu habari zenu. Nipo kidato cha tano, juzi tumemaliza utando wa seli na nimeshika vizuri tu, matabaka mawili ya mafuta, vichwa vinapenda maji mikia inayakimbia, protini zimechomekwa humo humo. Sasa mdogo wangu anaharisha, nesi kampa ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), nasoma pakiti nakuta glukosi, yaani sukari. Hapo ndo nimekwama. Maji si yanapita yenyewe kwa osmosisi, yanaelekea kwenye chumvi au sukari nyingi? Kwanini asipewe maji ya chumvi tu yakaisha? Alafu glukosi inapenda maji, inapitaje kwenye mafuta?

Bi Mkubwa Maabara:
Swali zuri mdogo wangu. Kwenye mafuta haipiti, hapo uko sahihi. Inabebwa na protini, na kwenye utumbo mwembamba protini yenyewe inaitwa SGLT1, ina masharti yake, inabeba sodiamu mbili na glukosi moja kwa pamoja, glukosi isipokuwepo hiyo njia ya sodiamu imelala. Ndo maana maji ya chumvi peke yake hayamsaidii sana anayeharisha.

Nguvu inatoka upande wa pili wa seli hiyo hiyo. Kuna pampu inatoa sodiamu 3 kuelekea kwenye damu na kuingiza potasiamu 2, inachoma ATP (nishati ya seli) muda wote, kwahiyo ndani ya seli sodiamu huwa chache, basi ya kwenye utumbo inakimbilia ndani na kuikokota glukosi. Maji hayana pampu. Yanafuata chumvi na sukari zilikoelekea.

Ngosha_77:
Kwahiyo tuwape soda tu, sukari imejaa humo 😂

Bi Mkubwa Maabara:
Usithubutu mkuu! Soda sukari nyingi mno na chumvi karibu hakuna. Utumbo ukijaa sukari, osmosisi inageuka, maji yanatoka mwilini kurudi kwenye utumbo na mtoto anaharisha zaidi. Hata ORS yenyewe ya zamani ilionekana nzito, mwaka 2002 WHO wakaushusha uzito wa vilivyoyeyushwa humo kutoka milliosmoli 311 hadi 245 kwa lita, sasa hivi sodiamu ni milimoli 75 na glukosi 75 kwa lita, zinalingana. Kwahiyo usigawe pakiti kwa kukisia, soma imeandikwa lita 1 au nusu lita, changanya yote, ikipita masaa 24 mwaga.

Mzee wa Zahanati:
Niongezee kidogo kuhusu kipindupindu maana hapo ndo utando unanoga. Sumu ya yule bakteria haitoboi seli, watu wengi wanadhani utumbo umechanika, hapana, inailazimisha seli iache wazi njia za kloridi kwenye utando wake, kloridi inamwagika kwenye utumbo, sodiamu inaifuata, maji nayo yanafuata, mgonjwa anatoa choo kama maji ya mchele mpaka macho yanadidimia. Lakini SGLT1 sumu haiigusi! Inaendelea na kazi kama kawaida, na ORS inapita hapo hapo. Mwanasayansi Robert Crane alieleza habari ya sodiamu na glukosi kubebwa pamoja mwaka 1960 kule Prague, 1968 wakajaribu kwa wagonjwa wa kipindupindu Dhaka, 1971 daktari Dilip Mahalanabis akaitumia ORS kwenye kambi ya wakimbizi wa vita ya Bangladesh dripu zilipokuwa zinamuishia. Ila mgonjwa aliyelegea au asiyeweza kunywa ni dripu, msije mkang'ang'ana na kikombe nyumbani.

Kijana wa Makorora:
Aisee nimeelewa kuliko darasani. Sasa glukosi ikishaingia kwenye seli inatokaje kwenda kwenye damu, na pampu tena?

Bi Mkubwa Maabara:
Hapana, huko kuna protini nyingine, GLUT2, haitaki sodiamu wala ATP, glukosi inashuka tu kutoka ilipo nyingi kwenda ilipo chache. Ukiulizwa usafirishaji kwenye mtihani chora hii seli moja, pampu upande wa damu, SGLT1 upande wa utumbo, GLUT2 pembeni ya pampu, unakuwa na aina tatu za kubebwa na protini: kwa ATP, kwa kukokotwa na sodiamu, na kwa kushuka tu. Na usiandike ukuta wa seli, huo ni wa mimea na bakteria, nasahihisha kila mwaka nachoka.