Waziri aliyeachia ngazi Uingereza: kazi mpya baada ya muda gani?

Mdadisi_K: Wakuu, naomba ufafanuzi. Nasikia waziri wa zamani wa Uingereza lazima "aombe ushauri" kabla ya kupokea kazi mpya. Ushauri tu? Akiukaidi anafanywa nini? Na ile kamati yao ya kuwashauri waliotoka serikalini kuhusu kazi mpya, ACOBA, bado ipo?

Karani Mstaafu: ACOBA imefungwa Oktoba 2025, baada ya miaka 50. Kazi yake kwa upande wa mawaziri imehamia kwa Mshauri Huru wa Viwango vya Mawaziri; watumishi wa umma wako chini ya Kamisheni ya Utumishi wa Umma.

Kanuni zenyewe zinambana waziri wa zamani kwa miaka 2 tangu siku anayotoka ofisini. Aliyekuwa kwenye Baraza la Mawaziri kwa kawaida husubiri walau miezi 3 kabla ya kuanza, na kwa miaka 2 yote haruhusiwi kuishawishi serikali kwa niaba ya mwajiri mpya. Usidhani ni ajira ya mshahara peke yake: ujumbe wa bodi na hata safu ya gazeti vimo.

Maombi yanaeleza kazi ni ipi, alikutana na kampuni hiyo mara ngapi akiwa waziri, alifanya uamuzi gani unaoigusa, na siri zipi anazijua. Wizara yake ya zamani huulizwa pia. Wengi hukosea kwenye mpangilio: wanatangaza kwanza, wanaomba baadaye. Ombi la baada ya tukio halisikilizwi.

Sheria_na_Kalamu: Kuhusu adhabu, hapo ndipo pamekuwa na pengo kwa miaka mingi. Kanuni si sheria. Mwaka 2023 Boris Johnson, waziri mkuu wa zamani, aliiarifu kamati kama nusu saa tu kabla ya gazeti la Daily Mail kumtangaza kuwa mwandishi wake wa safu. Kamati ikasema wazi kwamba kanuni zimevunjwa, ikaandika barua serikalini. Makala zikaendelea kutoka.

Sasa wameongeza meno kidogo: anayevunja kanuni vibaya hutarajiwa kurudisha kiinua mgongo alicholipwa alipotoka, ambacho ni robo ya mshahara wa mwaka wa uwaziri. Kwa waziri kamili aliye mbunge ni pauni 16,876. Linganisha na anacholipwa mjumbe wa bodi ya benki kubwa, utaona mwenyewe kwa nini nasema "kidogo".

Mdadisi_K: Asanteni. Je, akifungua kampuni yake ya ushauri? Si anaomba ruhusa mara moja tu, kisha anachukua wateja awatakao?

Karani Mstaafu: Hapana. Ruhusa ya kufungua kampuni haibebi wateja. Kila mteja mpya ndani ya ile miaka 2 anaombewa ushauri wake. Tatizo ni kwamba hakuna anayekagua vitabu vya kampuni hiyo, kwa hiyo mteja asipotajwa, habari yake hufumuliwa na waandishi, kama itafumuliwa.

Sheria_na_Kalamu: Ukitaka mfano wenye makali, tazama Ufaransa. Kule muda ni miaka 3, na mamlaka yao ya uwazi, HATVP, inaweza kuizuia kazi isifanyike kabisa. Mwaka 2022 Jean-Baptiste Djebbari, aliyetoka wizara ya uchukuzi, alitaka kujiunga na kampuni ya meli ya CMA CGM. Akakataliwa. Kazi nyingine, kwenye kampuni ya magari ya haidrojeni, akaruhusiwa kwa masharti.

Kanada nao wametenganisha mambo mawili ambayo Uingereza inayafunga pamoja: waziri wa zamani anakaa miaka 2 bila kuajiriwa na taasisi aliyoshughulika nayo kwa karibu katika mwaka wake wa mwisho, lakini marufuku ya kushawishi serikali kwa malipo ni miaka 5. Kwa maoni yangu hiyo ya miaka 5 ndiyo inayouma, kwa sababu kampuni inapomtaka waziri mstaafu, mara nyingi inakitaka kitabu chake cha namba za simu. Miaka 5 ikipita, nusu ya waliomo humo nao wameshatoka ofisini.